Waliochomwa filla usoni ikaenda kombo: tupeane uzoefu

Tausi wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala nimekaa mkabala na dada mmoja, mdomo wa juu umemvimba mpaka karibu na pua, na kila gari likisimama anajifunika mtandio. Nimeumia, maana nimeishi hivyo. Filla yangu ya midomo, ile sindano ya kujaza chini ya ngozi, ilinikaa vizuri mwanzoni, baadaye ikaanza kupanda juu ya mstari wa mdomo, kwa pembeni naonekana kama nina sharubu. Wengi mnauliza faragha kwa aibu. Tuongee hapa wazi. Ilikuwaje, ulifanya nini, imekaa sawa au bado?

Pilipili Manga: Chini ya macho. Sijui hata nianzie wapi.

Mama Kulwa: Anza shoga, tupo.

Pilipili Manga: Haya. Nilikuwa na mashimo chini ya macho tangu nikiwa shule, kila mtu ananiuliza kama naumwa. Nikachomwa filla kuyajaza. Mashimo yakaondoka, yakaja mabaka ya bluu. Kazini bosi wangu, mama mtu mzima, akaniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani napigwa. Aliyenichoma kasema ni damu imevilia, itaisha. Miezi ikapita, bluu iko palepale. Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza kwamba pale chini ya jicho ngozi ni nyembamba, filla ikikaa juujuu mwanga unaigonga na kurudi na rangi ya bluu. Yaani nilikuwa naiona filla yenyewe. Akaiyeyusha kwa hayaluronidezi, sindano ya kuyeyushia filla. Siku ileile nilivimba nikaogopa, baada ya siku kama mbili bluu imekwisha. Na mashimo yangu yamerudi, lakini ni yangu.

Kiboko wa Mto: Mnajitesa bure. Botoksi si inaisha yenyewe baada ya miezi mitatu minne? Subirini tu.

Mama Kulwa: Nani kataja botoksi hapa?

Kiboko wa Mto: Si ni kitu kilekile, sindano za uso.

Muuguzi wa Zamu: Si kitu kilekile, kaka. Botoksi inalegeza msuli ili kunyanzi lisijikunje. Filla inajaza nafasi chini ya ngozi. Na filla zenyewe ziko aina nyingi. Ya asidi ya hayaluroni huyeyushwa kwa sindano ya hayaluronidezi. Filla za majina ya Radiesse na Sculptra haziyeyushwi na sindano hiyo. Silikoni ya maji ndiyo kabisa, ikiingia imeingia. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu mwenye shida ni jina la kitu alichochomwa.

Kiboko wa Mto: Sawa dada, nimeelewa. Ila bado nasema Mungu hakukosea kuwaumba.

Pilipili Manga: Na meno uliyowekewa hospitali, Mungu alikosea?

Tausi wa Tabata: Jamani tusigeuze uzi mahubiri. Mwenye la kusimulia asimulie.

Bi Arusi wa Mfenesini: Mimi yangu ya mashavu, na kosa la kwanza ni la aliyenichoma, maana alijua harusi ni wiki ileile na hakusema neno. Shavu la kushoto lilivimba kuliko la kulia. Nikaingia ndani kwa somo, akanisugua singo uso mzima, kwa nguvu zake zote, na kufukizwa juu. Shavu likazidi. Picha zote za harusi nimegeuza uso upande mmoja. Uvimbe ulikuja kushuka wenyewe baada ya harusi kupita, mashavu yakalingana, na sasa nayapenda. Basi mwenye shughuli asichomwe karibu na siku yake, na joto na kusuguliwa vikae mbali.

Mama Kulwa: Somo wa watu hana hatia, angejuaje 😂 Lakini pole mwanangu.

Msafiri Kimya: Nimesoma yote nikisita. Yangu ni ya pua. Wenyewe wanaita kurekebisha pua bila kisu. Nilichomewa ghorofani kwenye saluni moja hapa Dar, na dada aliyesema amesomea Uturuki. Mwanzo sikuona shida. Alipofika karibu na ncha ya pua nikasikia maumivu yanapanda mpaka katikati ya nyusi, na si ya sindano, ni maumivu ya kukamuliwa. Nikamwambia naumia. Akanijibu uzuri wataka udhia. Nilipopewa kioo, ncha ya pua ilikuwa nyeupe kama chaki. Akasema hiyo ni ganzi.

Usiku pua ikachora mistari ya zambarau mfano wa wavu, ikapanda mpaka kwenye paji. Nikampigia, akaniambia niweke barafu, na nikaweka usiku kucha. Kulipokucha kuna vipele vyenye usaha. Dada yangu mkubwa, ambaye mambo haya hayapendi hata kuyasikia, hakunisema hata neno moja. Alinivalisha baibui, akanipakia kwenye bajaji. Tulikokwenda mwanzo wakanipa dawa ya mzio. Kwingine wakasema ni jipu, wakaandika antibayotiki. Dada akagoma kurudi nyumbani. Mwishowe tukampata daktari mmoja, akanibonyeza pua kwa kidole, akaachia, akatazama rangi inavyorudi. Haikurudi. Akauliza, "Umechomwa nini, na saa ngapi?" Saa nilijua. Kitu sikukijua, sikuonyeshwa hata boksi. Tukampigia yule wa saluni, simu ikaita mpaka ikakata.

Daktari akasema mshipa umeziba, damu haifiki kwenye ngozi, na ngozi ikikaa hivyo inakufa. Kama ni asidi ya hayaluroni ana dawa, kama ni kitu kingine hana. Hakusubiri jibu. Alichoma hayaluronidezi, akasubiri saa, akabonyeza, akachoma tena. Kila akibonyeza dada yangu anasoma dua kwa sauti. Ilikuwa asidi kweli. Rangi ikaanza kurudi kuanzia kwenye paji kushuka. Ukingo wa tundu la kulia ulikuwa umeshachelewa, ukageuka mweusi, ukabanduka. Kovu ninalo. Ila daktari aliniambia mishipa ya pale puani na katikati ya nyusi inaungana na ya jicho, na wapo waliopofuka kwa sindano ya namna hiyo. Naandika haya macho yangu yote yanaona.

Pilipili Manga: Nimelia.

Mama Kulwa: Huyo dada yako mpe salamu zangu. Mungu amzidishie.

Bi Arusi wa Mfenesini: Kovu linaonekana sana? Samahani kama nauliza vibaya.

Msafiri Kimya: Kwa karibu linaonekana. Limeshapungua, na mimi nimeshalizoea.

Kiboko wa Mto: Dada pole. Nilichosema juu sikukuelekezea wewe. Huyo mwanamke ashitakiwe. Kuna Baraza la Madaktari la Tanganyika.

Muuguzi wa Zamu: Baraza linashughulikia madaktari. Huyo wa saluni kama si daktari ni kesi ya polisi. Na dawa au kifaa kisichosajiliwa kinaripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Hapo kwenye barafu naomba watu wasimame. Barafu ni ya uvimbe wa kawaida na michubuko. Ngozi ikiwa nyeupe au imechora wavu, na inauma, barafu inabana mishipa zaidi. Kinachotakiwa ni joto la wastani, kukandwa na mwenye ujuzi, na hayaluronidezi ndani ya saa chache. Ukianza kuona giza au vitu viwili viwili, hapo ni dakika, kimbia hospitali kubwa. Lakini midomo iliyovimba tu, laini, haina rangi ya ajabu, ipe kama wiki mbili kabla hujaihukumu.

Shemeji wa Wote: Ninayo hayaluronidezi kutoka nje, nachoma nyumbani kwako, bei poa. Njoo faragha.

Tausi wa Tabata: Wewe toka.

Muuguzi wa Zamu: Na mtu asimfuate. Dawa hiyo inaweza kuleta mzio mkali, hasa kwa anayedhurika na sumu ya nyuki. Inachomwa mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia.

Mkunazi wa Maskati: Salamu kutoka Oman. Mimi nimechomwa na mtu anayepita majumbani, midomo na kidevu. Vinundu vigumu, vinakuja na kupotea, nikipata mafua vinavimba vyote. Nilikwenda kuyeyusha, havikuyeyuka. Daktari kasema huenda ni silikoni. Nifanyeje?

Mama Kulwa: Jaribu kukanda na mafuta ya nazi ya vuguvugu kila usiku, mwanangu. Mimi uvimbe wa jino ulinitoka hivyo.

Pilipili Manga: Mama Kulwa, jino na silikoni wapi na wapi! Usikande, usibinye. Tafuta daktari wa upasuaji.

Bi Arusi wa Mfenesini: Mimi ningeacha kabisa, nikachomwa ya asidi juu yake kulinganisha.

Muuguzi wa Zamu: Usiongeze kitu juu yake, tafadhali. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijawahi kuidhinisha silikoni ya kujaza uso, na vinundu kama hivyo ni kati ya madhara yake. Kwanza upigwe picha, altrasaundi ya ngozi au MRI, ijulikane ni nini na kimekaa wapi. Kuna wanaosaidiwa na sindano za steroidi ndani ya kinundu, kuna wanaotulizwa na dawa za kumeza, na kuna wanaokatwa. Kukatwa ni kwa mwisho, maana silikoni imeshikana na nyama na haitoki yote. Ukivimba ukiwa na homa usisubiri, huenda ni maambukizi.

Mkunazi wa Maskati: Ahsante dada. Hiyo altrasaundi ni ileile ya wajawazito?

Muuguzi wa Zamu: Kazi yake ni ileile, kichwa chake ndicho tofauti, cha kuonea karibu. Uliza hospitali yenye idara ya ngozi, na useme mapema kwamba ni ya uso. Picha zako za kabla ya kuchomwa nenda nazo.