Beit al Ajaib likisimama tena, funguo apewe nani?

Mwanzisha mada
Assalamu alaikum wadau. Jana jioni barazani kwetu Malindi, hapa Unguja, kahawa ilipoa watu wakibishana, nikaona mabishano niyalete hapa. Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la masultani pale Forodhani lililoporomoka, likishakamilika kujengwa upya, lirudi kuwa makumbusho, apewe mwekezaji afanye hoteli, au ziingie ofisi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayenipinga anipinge vizuri: makumbusho peke yake sitaki.

Jengo hili halijawahi kuwa na kazi moja. Sultani Sayyid Barghash alilijenga 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni. Agosti 27, 1896 mizinga ya Waingereza iliangusha kasri la jirani, Beit al Hukm, na mnara wa taa uliokuwa mbele, lenyewe likabaki. Mnara wa saa tunaoukumbuka ulikuja na ukarabati wa baada ya vita vile. Mwaka 1911 Waingereza wakalijaza makarani na mafaili, na baada ya Mapinduzi kikaingia chama cha Afro-Shirazi. Makumbusho haya tuliyoyaona sisi yalikuja mwisho kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa tazameni. Makarani walikaa zaidi ya miaka hamsini. Makumbusho hayakufika hata kumi na tano: 2012 kipande cha roshani kikaanguka, milango ikafungwa. Siku ya Krismasi 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele na mnara wa saa vikashuka chini, watu wawili wakafariki. Karani akidondokewa na maji mezani hupiga kelele siku ile ile. Kabati la vioo halipigi kelele.

Fundi Chokaa
Umeongea vizuri ila hesabu umeiruka. Maji yaliyoangusha roshani hayakuingia jana. Kutu inakula taratibu, na huenda ilianza kula hao makarani wako wakiwa wanakunywa chai.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe upana wa chumba unaamuliwa na boriti ya mkoko, mita tatu hivi, basi. Ajaib lina kumbi pana kwa sababu lilijengwa kwa chuma kilichoagizwa ng'ambo. Na chuma mbele ya bahari hushika kutu, kutu ikavimba, ikivimba inapasua ukuta. Ufa ukionekana anakuja mtu na ndoo ya saruji, anaziba, anapaka rangi, analipwa. Chokaa kinapumua, saruji inafungia maji ndani. Niliwahi kubandua plasta ya saruji kwenye nyumba moja Shangani, nyuma yake jiwe limekuwa unga, unalichota kwa kijiko. Kwa nje ukuta ulikuwa unang'aa kama bi harusi.

Kwa hiyo mimi suala la nani anakaa ndani halinisumbui. Swali langu ni nani anapanda juu ya paa kabla ya masika kuzibua mifereji.

Mtoto wa Kiponda
Mwenye hoteli atapanda, kwa sababu paa likivuja mgeni anadai pesa yake. Jumba la Mambo Msiige pale Shangani walikaa wamisionari, ikawa hospitali, zikaja ofisi za serikali. Leo ni hoteli na ukuta hauna hata ukungu. Mnalilia nini?

Bibi wa Forodhani
Wanangu, mimi nawajibu kwa upole. Mambo Msiige ya ofisi niliingia mimi na mume wangu, Mungu amrehemu, na karatasi zetu mkononi. Sasa nikisogea mlangoni kijana wa ulinzi ananiuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Ukuta mzuri, nakubali. Lakini umekuwa ukuta.

Ajaib nilimpeleka mjukuu wangu kuona ule mtepe uliowekwa pale ukumbini. Akauzunguka mara mbili, akatia kidole kwenye kamba za nazi zilizoshona mbao, akaniuliza misumari iko wapi. Nikamwambia hakuna, babu zako walishona jahazi kama mkeka. Hakuamini mpaka akaukagua wote. Mdogo wake hajauona. Mkimpa mwekezaji, mtoto wa mitaa ya Ng'ambo ataingia kwa sababu gani?

Mvita
Salamu kutoka Mombasa. Mwanzisha mada, kanuni yako ya "wakaao ndani ndio walinzi" ina mwiba. Ngome yetu, Fort Jesus, walianza kuijenga Wareno 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, kisha Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Miaka zaidi ya sitini na kuta zimesimama! Basi jela ndiyo bora? Makumbusho yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo twaingia na watoto wetu.

Mwanzisha mada
Mvita, hiyo umenipiga. Bibi, shikamoo, na hoteli naifuta kabisa.

Lakini sirudi kwenye makabati matupu. Jirani hapo, Ngome Kongwe imekuwa gereza, ikawa bohari ya reli ya Bububu, na sasa muziki unapigwa ndani na watu wanajaa. Ile Zahanati ya Zamani pale Mizingani ilikuwa chini dawa, juu watu wanaishi. Kwa nini Ajaib lisigawanywe? Chini pabaki wazi kwa wote, mtepe na skuli za watoto. Katikati makumbusho. Juu ofisi zenye watu na meza, ziwe hizo hizo zinazosimamia mambo ya kale.

Fundi Chokaa
Hapo tunaelewana. Ila meza ya mkubwa wao iwekwe ghorofa ya juu kabisa, chini ya mfereji wa paa.