Ada ya lazima, ruzuku ya bajeti au matangazo: televisheni ya umma igharimiwe vipi?

MwanaWete
Assalaam alaykum. Jumuiya yetu hapa Wete, Pemba, ina mpaka Ijumaa kuwasilisha maoni ya kurasa mbili: televisheni ya umma iendeshwe kwa ada ya lazima, kwa ruzuku ya bajeti au kwa matangazo ya biashara. Wenzangu wamegawika. Mimi naelekea kwenye ada, kwa sababu chombo kinachosubiri fungu la Wizara ya Fedha kila mwaka hakiwezi kumhoji Waziri wa Fedha bila ya kumeza mate. Nipeni hoja.

Fundi wa Mlingoti
Waalaykum salaam. Swali lako halijatimia. Ada inafuata nini: seti, king'amuzi, nyumba au mtu? Kiasi gani? Nani anakusanya? Redio imo? Bila ya hayo manne hakuna cha kulinganisha. Uingereza ada inafuata utazamaji: ukiangalia kituo chochote wakati kinarusha, hata kwa simu, au ukifungua iPlayer, huduma ya BBC ya kuangalia mtandaoni, unadaiwa. Ujerumani walikuwa wakidai kwa seti, ikawa kazi kumuuliza kila mtu ana nini chumbani. Tangu Januari 2013 kila kaya inalipa, iwe na televisheni isiwe nayo. Sasa ni yuro 18.36 kwa mwezi. Jina moja, lakini ni ada mbili mbali mbali.

Bi Kijiti
Na la tano: nani anasamehewa, na nani anajaza pengo lake? Uingereza wenye miaka 75 na zaidi walikuwa hawalipi, Serikali ikilipa badala yao. Baadaye Serikali ikautua mzigo huo kwa BBC yenyewe, na tangu Agosti 2020 msamaha umebaki kwa wazee wanaopata posho ya kipato kidogo tu. Mkiandika "wazee wasamehewe" mkaishia hapo, mmeikata bajeti ya kituo kwa mkono wenu wenyewe.

MwanaWete
Niwieni radhi, niliharakisha. Rasimu inasema shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila kaya, redio na televisheni pamoja. Njia ya kukusanya hatujaiandika. Wengi wanataja Tukuza, yaani ikatwe mtu anaponunua umeme wake wa kulipia kabla.

Hesabu Kwanza
Basi tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Chukua watu watano kwa kaya, unapata kaya kama 378,000. Kwa elfu moja kwa mwezi ni bilioni 4.5 kwa mwaka, wote wakilipa. Wakilipa nusu ni bilioni 2.27, na hapo hujatoa gharama ya kukusanya. Wekeni tarakimu zote mbili kwenye karatasi, msiweke ile nzuri peke yake.

Matangazo mimi nayaweka mwisho. Soko letu dogo, na mwenye bidhaa ya kuuza hulipia kipindi chenye watazamaji wengi. Kikao cha Baraza la Wawakilishi kinachorushwa mwanzo mpaka mwisho, au somo la hesabu kwa watoto wa skuli, nani atakilipia?

Mkereketwa
Ada, na hakuna jengine. Waingereza walianza na leseni ya redio 1922 kwa shilingi kumi za kwao, ya televisheni ikaja 1946 kwa pauni 2, na Aprili 2025 ikafika pauni 174.50. Mkataba wa kifalme wa BBC wa sasa unakwenda mpaka mwisho wa 2027. Waziri aliyekasirishwa na taarifa ya khabari ya jana usiku hawezi kuamka asubuhi akafunga bomba. Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Bara hawakuwa na televisheni ya aina yoyote mpaka miaka ya 1990. Aliyetangulia hivyo haifai aishi kwa kuomba fungu kila Juni.

Bi Kijiti
Asubuhi hawezi. Mwakani anaweza. Januari 2022 Serikali ya Uingereza ilitangaza ada isipande, ikabaki pauni 159 mpaka Aprili 2024, na miaka hiyo miwili bei ya kila kitu ilikuwa juu. Kwa hiyo kinga haiko kwenye neno "ada". Kinga iko kwa anayepanga kiwango. Ujerumani ipo tume ya wataalamu inayokagua mahitaji ya vituo na kupendekeza kiasi, kisha mabunge ya majimbo yote 16 yanapitisha. Jimbo moja, Sachsen-Anhalt, lilizuia nyongeza ya kutoka 17.50 kwenda 18.36. Mahakama ya Katiba ikaipitisha Agosti 2021, kwa hoja kwamba jimbo moja haliwezi kukinyima chombo cha umma uwezo wa kufanya kazi yake. MwanaWete, sentensi moja kuhusu tume kama hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa kusifu ada.

Mzee wa Kiuyu
Nyote mnazungumzia kwenye mfumo wa anwani na benki. Tazameni Afrika Kusini. Leseni ya SABC, shirika lao la utangazaji la umma, ni randi 265 kwa mwaka tangu 2013, kiasi kidogo, na zaidi ya wanane katika kila kumi wanaodaiwa hawalipi. Mfumo unavuja hivi. Duka haliruhusiwi kukuuzia seti bila ya leseni, basi mtu anakata leseni siku ya kununua, au anatumia ya mjomba wake. Mwaka wa pili halipi. Akihama, barua za madai zinakwenda nyumba ya zamani. Seti inauzwa mkono kwa mkono, na mnunuzi hayumo katika daftari lolote. Deni linapewa wakusanya madeni wa nje, nao wanataka fungu lao. Na kubwa kuliko yote, mawimbi ya bure hayana swichi: asiyelipa anaona picha ile ile anayoiona aliyelipa. Mlipaji mwema anajiona mjinga, mwaka unaofuata naye anaacha.

Ghana nao waliifufua ada 2015, cedi 36 kwa mwaka kwa nyumba yenye seti moja. Ilipotangazwa kwamba mahakama maalumu zitaanza 2018 kuwashughulikia wasiolipa, watu walikuja juu. Humpeleki mtu mahakamani kwa cedi 36 ukapata faida.

Mimi nasema ruzuku, lakini iandikwe kwenye sheria kama asilimia ya mapato, isibaki kuwa hisani ya kila mwaka.

Mkereketwa
Ndiyo maana ikatajwa Tukuza. Italia waliitia ada yao kwenye bili ya umeme 2016, waliokuwa wakikwepa wakalipa, na kiwango kikashushwa. Korea Kusini walianza kuikusanya na umeme 1994, won 2,500 kwa mwezi, kiwango kile kile cha 1981.

Fundi wa Mlingoti
Bili ya mwisho wa mwezi si sawa na umeme wa kulipia kabla. Somo lenu liko karibu zaidi: Agosti 2021 Bara walianza kukata kodi ya majengo kwenye LUKU, umeme wao wa kulipia kabla, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikawa 1,500 mwaka 2023. Shida ni kwamba mita haijui nyumba wala kaya. Inajua namba yake tu. Nyumba yenye mita tatu inakatwa mara tatu mpaka mtu aende kuomba mbili ziondolewe. Mpangaji analipa kodi ya mwenye nyumba, kisha amfuate amdai. Usiponunua umeme miezi mitatu, siku ukinunua unakatwa yote kwa mpigo.

Hapa kwetu itageuka upande wa pili. Nyumba ya Ng'ambo, mjini Unguja, ina mita moja na familia nne, inalipa elfu moja. Kijana aliyejitenga na chumba chake na mita yake analipa elfu moja peke yake. Kuna mita za misikiti, za visima, za mabanda ya kuku. Hizo zichambuliwe kwa kundi la matumizi kabla ya siku ya kwanza.

Na wengi wananunua umeme wa elfu mbili. Ukimkata elfu moja kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, siku hiyo umeme wake nusu umekwenda. Afadhali sehemu ndogo kwa kila ununuzi, na ikifika elfu moja isimame mpaka mwezi ujao.

Hesabu Kwanza
Na asiye na mita kabisa, wa sola?

Fundi wa Mlingoti
Huyo muachieni. Kumtafuta ni ghali kuliko ada yake.

Mpemba wa Micheweni
Ada ya nini na picha inaganda? Upepo ukivuma tu, viboksi viboksi. Lipeni kwanza minara.

Mkereketwa
Minara inajengwa kwa fedha, fedha ni ada.

Fundi wa Mlingoti
Kabla ya mnara, panda juu ukatazame waya wako. Picha ya dijitali haififii pole pole kama ile ya zamani: ama ni safi, ama inakatika. Kwa hiyo kasoro ndogo inaonekana kubwa. Huku pwani chumvi inaingia kwenye kiungo cha antena. Kifungue: shaba ikiwa ya kijani, kata waya mpaka ufike inapong'ara, kama sentimita kumi, ufunge kiungo kipya na ukizungushie utepe wa mpira. Waya uwe wa ohm 75. Kabla haujaingia dirishani uache uning'inie upinde chini, maji yadondokee nje. Na busta, kile kikuza mawimbi, ikae juu mlingotini. Ukiiweka nyuma ya televisheni inakuza na uchafu uliookotwa njiani.

MwanaWete
Nimechukua mbili: tume ya kupanga kiwango, na kukata kidogo kidogo kwa kila ununuzi. Juu ya ruzuku ya asilimia wenzangu bado wanabishana. Fundi, king'amuzi kina menyu ya kupeleka volti 5 kwenye antena, iwashwe?

Fundi wa Mlingoti
Ikiwa busta iko juu na imeandikwa volti 5, washa. Antena isiyo na busta, nyingi ndani zimeungana moja kwa moja, ukipeleka volti ni shoti na king'amuzi kitaandika kosa. Busta ya volti 12 inataka adapta yake.

Bi Kijiti
MwanaWete, na pengo la wanaosamehewa? Hujajibu.