Kwarteti yetu ya Kampala: tuanze na Haydn au na watunzi wa nchini?

Mpiga viola, Kampala

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Sisi ni wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na chelo, ambao kwa muda mrefu tumekuwa tukikodiwa kila mmoja kivyake kwenye harusi na ibada. Sasa tumekubaliana kuunda kwarteti ya kudumu, itakayopata riziki yake kwa kupiga kazi za watunzi wakubwa wa Ulaya pamoja na kazi mpya, hasa zilizotungwa na watu wa nchini kwetu.

Tatizo ni kwamba hatuelewani tuanzie wapi. Fidla ya kwanza anashikilia kwamba bila kukomaa katika Haydn na Beethoven tutaumbuka mbele ya watu, ilhali mpiga chelo anasema kwamba anayemtaka Haydn ana rekodi nzuri kuliko zetu, kwa hiyo sababu pekee ya mtu kulipa kiingilio ni kusikia asichoweza kukisikia kwingine. Mimi nimebaki katikati, na kwa mpiga viola hilo si jambo geni.

Naomba kujua mambo mawili. Je, watu waliofundishwa kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, wanaweza kupiga vizuri kazi iliyojengwa juu ya mapigo ya Kiganda? Na nota tutazipata wapi bila kufilisika?

Mwalimu wa muziki, Jinja

Mdogo wangu, hongereni kwa uamuzi huo. Nitaanza na Haydn, kwa sababu naona mpiga chelo wenu anamdharau bure. Aliacha kwarteti 68, yaani tungo za wapigaji wanne, na katika zile sita za opus 33 (namba ya mkusanyo wake) za mwaka 1781 utaona wazo likianzia kwa fidla, likadakwa na chelo, kisha viola ikapewa neno la mwisho ambalo hakuna aliyelitarajia. Mozart alizichukulia kwa uzito kiasi cha kutunga sita zake mwenyewe, akamtunuku Haydn zilipochapwa mwaka 1785. Mkizifanyia mazoezi mtajifunza kupeana nafasi na kupumua pamoja bila kiongozi wa kuwapungia mkono, na ujuzi huo ndio utakaowasaidia katika kazi mpya.

Sasa nije kwenye swali lako la mapigo ya Kiganda. Mwanzo mzuri ni kwarteti ya Justinian Tamusuza, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ambayo sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet ya Marekani katika albamu ya Pieces of Africa iliyotoka mwaka 1992. Kwa hiyo Mganda alikwisha kuingia katika safu ya kwarteti zinazojulikana duniani, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba wanafunzi wangu wengi wanamjua Vivaldi lakini hawamjui yeye.

Kabla ya kugusa kazi ya namna hiyo, nawashauri mkae mbele ya amadinda halisi, ile marimba ya mbao ya Kiganda. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anapiga okunaga, yaani sehemu ya kwanza, mwingine anaingiza okwawula, sehemu ya pili, katika nafasi zilizobaki, na wa tatu anaokota sauti mbili tu kwenye mbao mbili nyembamba za juu. Jambo gumu kwa mtu aliyelelewa na mitihani ni kwamba kila mmoja wa wale wawili anausikia mdundo wake mwenyewe kuwa ndio mkuu. Mkijaribu kuhesabu wote kwa mguu mmoja, fidla ya pili itajiona imechelewa daima, na baada ya mizani michache itajivuta na kupiga pamoja na ya kwanza, muziki ukafa hapo hapo. Kila mmoja aizoee sehemu yake peke yake mpaka imtulie mwilini kana kwamba ndiyo inayoongoza, kisha aingizwe wa pili polepole, kwa upinde mfupi wa katikati au kwa kudonoa nyuzi kwa kidole.

Liko pia suala la sauti. Amadinda hugawa oktava katika nafasi tano zinazokaribiana sana kwa ukubwa, kwa hiyo hazilingani na nyuzi za fidla zilivyokazwa. Mtunzi akitaka ladha hiyo, epukeni nyuzi tupu, zisizobanwa, na mtumie vidole, maana uzi tupu haukubali kusogezwa hata kidogo. Akiwa ameandika kwa sauti tano za kawaida za piano, basi msijitafutie shida. Muulizeni.

Msimamizi wa ukumbi, Entebbe

Mimi si mwanamuziki, ila nimefungua na kufunga milango ya maonyesho mengi. Msikodi ukumbi wenye paa la mabati wakati wa masika, kwa sababu mvua ikishuka hata chelo haitasikika, na watu watawaombeni mtumie vipaza sauti ambavyo vitaharibu kila kitu mlichofanyia mazoezi. Kanisa la matofali lenye dari ya mbao ni bora kuliko ukumbi wa hoteli wenye mazulia na mapazia mazito yanayomeza sauti. Chapeni nota kwenye karatasi na mwe na taa za betri kwenye stendi, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya onyesho, jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta ni adui mbaya kuliko giza. Na msipige zaidi ya saa moja na nusu, kwani watu wana safari ya kurudi nyumbani.

Mtunzi wa kwaya, Mbale

Namheshimu sana Mwalimu wa Jinja, lakini napingana naye kuhusu utaratibu. Kwarteti nyingi za Beethoven zilipigwa mara ya kwanza na mpiga fidla Schuppanzigh wa Vienna na wenzake, watu waliomfahamu, waliobishana naye na ambao wakati mwingine walilalamika kwamba kazi haipigiki. Kilichoitwa baadaye muziki wa watunzi wakubwa kilikuwa kazi mpya ya jirani yao. Mpiga fidla David Harrington naye alianzisha Kronos mwaka 1973 baada ya kuisikia kwarteti ya Black Angels ya George Crumb redioni, wakati mtunzi huyo angali hai. Kwa hiyo mwiteni mtunzi mazoezini tangu wiki ya kwanza, mumwonyeshe mahali ambapo viola haifiki au upinde hautoshi, naye arekebishe. Haydn hawezi kuwafanyia hivyo. Ila mlipeni, hata kama ni kidogo, na mwandikishane kabla ya nota ya kwanza, kwa maana nimeona urafiki ukivunjika kwa sababu ya rekodi ambayo hakuna aliyejua ni ya nani.

Kuhusu nota, sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo Haydn, Mozart na Beethoven ni huru, na hata Bartók, mtunzi wa Hungaria aliyefariki mwaka 1945. Mtazipata kwenye IMSLP, maktaba ya nota za bure mtandaoni. Kwa kazi mpya, Kronos waliagiza kazi 50 kwa ajili ya kwarteti zinazochipukia, na nota zake hupakuliwa bure. Tazameni Sunjata's Time ya Fodé Lassana Diabaté, mpiga balafoni (marimba ya Afrika Magharibi) wa Mali, ambamo kila mmoja wenu atapata sehemu ya kuongoza.

Mpiga viola, Kampala

Asanteni sana, Mwalimu, Mzee wa Entebbe na Ndugu wa Mbale. Tumekaa jana tukakubaliana kwamba onyesho la kwanza litafunguliwa na Sunjata's Time, kwa kuwa hakuna atakayeweza kulalamika kuwa amefichwa nyuma ya wengine, kisha ifuate kwarteti moja ya opus 33. Baada ya mapumziko tutapiga kazi fupi tutakayoagiza kwa mtunzi mmoja wa hapa, ambaye amekubali kuja mazoezini kila Jumamosi. Tamusuza tumemwekea onyesho la pili, tukiwa tumekwisha kukaa na wapiga amadinda.

Mwalimu, swali moja limebaki: katika kuzoea okwawula, je, chelo nayo ipitie zoezi hilo, au ibaki na zile sauti mbili za mpigaji wa tatu?

Mwalimu wa muziki, Jinja

Ipitie kwanza, na zile sauti mbili apewe fidla ya kwanza. Itamfaa kukaa mwezi mzima bila kuongoza.