Mrejesho: NaN kupenya kwenye ukaguzi wa namba (Python)

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini fanksheni ya kukagua asilimia kwenye maktaba yetu, yenye sharti `if x < 0 or x > 100: raise ValueError`, inaipitisha `float("nan")` (NaN, yaani "not a number", thamani ya kuonyesha kuwa hakuna namba halali) kimyakimya.

Maelezo yenu yamemaliza kazi. Kwa kanuni za IEEE 754 (kiwango cha hesabu za namba zenye desimali kwenye kompyuta), NaN ukiilinganisha kwa `<` au `>` na namba yoyote, jibu ni False. Pande zote mbili za sharti zilikuwa False, basi ikapita. Nimeligeuza: `if not (0 <= x <= 100)`. Sasa inakataliwa papo hapo, na hilo ni jambo kubwa, maana NaN moja ikiingia kwenye orodha inaharibu jumla na wastani wote. Pasipo na kikomo cha juu nimetumia `math.isfinite(x)`.

Aliyegusia kuwa True nayo inapita, ubarikiwe. Kwenye Python, bool (aina ya True na False) ni tawi la int (namba kamili), kwa hiyo True ilihesabiwa kama 1. Nimetanguliza `isinstance(x, bool)`, inarusha TypeError.

Decimal (aina nyingine ya namba za desimali kwenye Python) nimeiacha ilivyo: NaN yake ukiilinganisha hivyo, yenyewe inarusha kosa la InvalidOperation.