Waya gani wa spika utadumu kwenye hewa ya Lamu?

Mtu wa Langoni

Assalamu aleikum wana jamvi. Nina amplifaya ya Sansui ya marehemu babu, alikuja nayo kutoka Jeddah miaka ya 1970. Kila siku baada ya Alasiri ilikuwa yapiga taarabu, mtaa mzima ulijua saa. Mashine ingali nzima, shida ni nyaya. Spika ya kulia inakatika. Ukiutikisa waya inarudi, ukiuachilia inanyamaza. Nimechuna ganda kidogo, nikakuta kijani.

Amplifaya iko ndani ya kidaka. Spika ya kushoto iko mita 3 tu. Ya kulia, waya wake unapanda ukutani, unafuata boriti, unazunguka mlango. Nimepima kwa kamba, mita 12. Ukuta siutoboi, maana bibi atanihamisha mji. Spika zote ni za omu 8 (omu ndiyo kipimo cha upinzani wa umeme), na nyuma ya amplifaya ni zile klipu za kubonyeza.

Nimeambiwa mambo manne: waya wa flexi, ule laini wa umeme, wa milimita moja na nusu ya mraba, upo dukani hapa, waya mnene wa spika wa ganda angavu, bei rahisi ajabu, umeandikwa kopa tupu, yaani shaba tupu, waya wa kompyuta uliobaki ofisini kwa rafiki, na mjomba ashikilia waya wa boti, ila huo bei yake ni kama mara mbili ya flexi. Nishike upi?

Fundi Mkomani

Wa aleikum salaam. Anza na urefu, jina la waya baadaye. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 12 zako ni mita 24 za shaba. Shaba ya milimita moja ya mraba ina upinzani wa omu 0.0172 hivi kwa kila mita. Piga hesabu: waya wa moja na nusu utakupa omu 0.28, wa mbili na nusu 0.17, na wa nusu milimita, ambao pengine ndio ulio nao sasa, 0.83. Mafundi wengi hutaka waya usile zaidi ya asilimia 5 ya omu za spika, yaani 0.4 kwako. Ukizidisha, besi inalegea.

Moja na nusu yatosha. Mbili na nusu si haramu, lakini matundu ya klipu za zamani ni madogo. Utaanza kupunguza nyuzi ili ziingie, uzi mmoja uchomoze, umguse jirani yake, ndiyo shoti hiyo. Shoti huunguza transista za kutoa sauti, na za mashine ya umri ule kuzipata ni safari.

Waya wa kompyuta una nyuzi nane, kila mmoja kama milimita 0.2 za mraba. Ukisokota nne kwa nne wapata milimita 0.8 za mraba, yaani omu 0.52 hivi, bado umepita ile 0.4. Halafu una ncha nane za kuchuna kila upande. Waache na kompyuta zao.

Kaskazi

Jamani, mbona kununua? Kata sentimita tano, chuna upya, rudisha. Mimi hufanya hivyo kila mwaka.

Bi Shela

Kila mwaka! Ndugu yangu Kaskazi, umejijibu mwenyewe. Mimi pia nilikata tano, kisha kumi, kisha nusu mita, hata spika ikawa haifiki rafuni. Ile kijani haikai kwenye ncha. Inatambaa ndani ya ganda, baina ya nyuzi, kama mafuta ya taa kwenye utambi. Na nyumba zetu hizi za mawe na chokaa, chumvi haiji na upepo peke yake, hata ukuta wenyewe unaitoa. Waya uliolala ukutani unaipata mchana na usiku.

Sauti ya Malindi

Huku kwetu hewa ni ile ile. Nataka kusema juu ya huo mnene wa rahisi, kwa sababu ulinila mimi. Niliununua mita 30, duka silitaji. Nilipoubeba nikauona mwepesi, nikafurahi! Miezi michache tu, ncha zikawa zinavunjika kama njiti. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu: juu shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyovikwa shaba.

Hizo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba. Kwa hesabu ya Fundi, moja na nusu ya namna hiyo mita 24 yafika kama omu 0.42, nje ya mpaka. Ukichukua mbili na nusu utarudi ndani, kwa hiyo si kwamba hautaimba. Shida ni ncha. Rangi ya shaba ikishakwanguka pale klipu inapobana, alumini na chumvi haziwezani. Kabla hujalipa, omba kipande. Ukwangue, au ushike uzi mmoja kwenye kiberiti cha gesi. Shaba itawaka nyekundu na kubaki. Alumini italegea na kuanguka.

Ncha zilizoanza kijani mimi huzisugua kwa ndimu na chumvi, zang'aa kama dhahabu.

Fundi Mkomani

Ndimu sawa. Chumvi, tafadhali! Tunakimbia chumvi, wewe waipaka kwa mkono? Msasa laini au kisu, kisha spiriti, basi. Na klipu zenyewe, raba ya penseli yafaa, mashine ikiwa imezimwa.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimekaa baharini miaka mingi, sijui omu wala nini. Nijuacho ni hiki: waya wa pampu ya boti yangu umelala kwenye maji ya chini ya chombo, na bado unafanya kazi. Kwangua huo. Juu mweupe, ndani shaba. Kinyume kabisa cha huo wa Malindi. Ni shaba iliyopakwa bati, kila uzi peke yake. Bati haliliwi na chumvi upesi kama shaba tupu.

Mtu wa Langoni

Mzee, shikamoo. Maneno yako yamenifanya nikachune ule waya wa babu wote, sebuleni, bibi akinitazama. Ni wa ganda angavu, pacha, njia mbili. Upande mmoja nyuzi za rangi ya shaba, upande wa pili nyeupe. Nilidhani ni alama tu ya kutenganisha chanya na hasi. Upande wa shaba umekuwa kijani, mahali pengine mweusi, karibu mita nzima toka ncha. Mweupe, wallahi, umefifia kidogo tu. Waya mmoja, ganda moja, ukuta mmoja, miaka ile ile.

Bi Shela

Basi kesi imekwisha. Ndiyo bati hiyo.

Fundi Mkomani

Imekwisha kwa ule wa mita 12. Wa mita 3 hata flexi yafaa, ukiharibika wabadilisha kwa dakika tano. Na usije ukaambiwa nyaya mbili lazima zilingane urefu. Tofauti ya omu 0.2 sikio halitaishika, na bunda la waya nyuma ya spika ni nyumba ya vumbi tu.

Ncha za flexi zipake solda, zitaingia klipu vizuri na nyuzi hazitatawanyika. Lakini kama spika zako nyuma zina skrubu, upande huo usipake. Solda ikibanwa hulegea polepole, na skrubu hulegea nayo.

Kaskazi

Mimi bado nakata sentimita tano.

Mtu wa Langoni

Nimerudi. Mjomba kanipa mabaki ya boti, moja na nusu, vipande viwili, vyote vyeusi. Nikakwangua kwanza, juu mweupe, ndani shaba. Nikavipitisha kwenye boriti, nikawasha, sauti safi, hakuna kukatika, lakini besi hamna. Mwimbaji hajulikani amekaa wapi, kama yuko uani.

Weusi wawili, nimechanganya chanya na hasi, spika moja yasukuma na nyingine yavuta. Nikazima, nikachomoa, nikagusisha betri ya volti 1.5 mara moja moja kwenye ncha za upande wa amplifaya. Kushoto, chanya kwenye nyekundu, koni ikatoka mbele. Kulia ikaingia ndani. Nikageuza, nikafunga tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili za waya mmoja.

Besi imerudi. Bibi akaniita kutoka juu, nikadhani ataka nipunguze. Kumbe upande wa kwanza umekwisha, ataka nigeuze kanda.