Wakuu, udaktari wa usingizi una soko kweli, au niende magonjwa ya wanawake?

Tabibu wa Ziwani (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni MD, daktari wa shahada ya kwanza, nipo hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Mwaka huu nataka kuanza MMed, masomo ya ubingwa. Moyo wangu upo kwenye usingizi, yaani kumlaza mgonjwa kwa dawa au kumtia ganzi wakati wa upasuaji, ila ndugu wote wanasema magonjwa ya wanawake ndiyo yenye hela. Mwenye uzoefu anijuze soko litakuwaje miaka mitano, kumi ijayo. Usiku silali kwa mawazo.

Mama Kulwa
Mwanangu, mimi nilichomwa hiyo sindano ya ganzi ya mgongoni nikijifungua mapacha. Mpaka leo nikiinama kufua, mgongo unagoma. Jifunzeni kuchoma kwanza, soko mtauliza baadaye.

Bingwa wa Zamu
Pole mama, ila mgongo wa mtu aliyebeba mapacha una sababu nyingi, usiitwishe sindano zote.

Mleta uzi, mimi nipo kwenye fani. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linashauri angalau madaktari 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, kwa hiyo tungehitaji zaidi ya 3,000. Hatujakaribia kabisa. Kazi kubwa inabebwa na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi. Tangu 2017 vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji wa uzazi, na kila chumba kinataka mtu wa kumlaza mgonjwa na kumwamsha salama. Muhimbili wakaanza kupandikiza figo 2017, kisha fedha za Uviko zikajenga ICU, vyumba vya wagonjwa mahututi, mikoani, na ICU nako tunaitwa sisi.

Lakini uhitaji si ajira. Uhitaji upo kila wilaya, nafasi inasubiri kibali cha ajira serikalini. Hospitali binafsi nyingi hazikupi ajira, zinakulipa kwa kila mgonjwa unayemhudumia.

Mjukuu wa Pemba
Panda ndege wewe! Binamu yangu ni muuguzi wa usingizi, yupo Muscat, Oman. Hapa nyumbani alikuwa anachoma mwenyewe usiku wa manane, peke yake. Kule anaandaa mashine na dawa, daktari ndiye anayelaza. Hajalalamika, nyumba kajenga.

Otieno wa Kisumu
Huku Kenya ni hivyo hivyo. Wagonjwa wanasubiri, na madaktari wamekaa nyumbani hawana kazi. Mgomo wa 2024 mliuona, madaktari waliomaliza chuo walikuwa wanadai kupangiwa tu vituo vya mafunzo. Usidanganywe na neno uhaba.

Mwalimu Mstaafu
Vijana mnauliza hela kabla ya mgonjwa. Udaktari ni wito. Zamani daktari alikuwa anakuja kwa baiskeli.

Jicho la Tatu
Mleta uzi, ada analipa nani? Na mwajiri kakupa ruhusa ya masomo?

Tabibu wa Ziwani
Ada ipo mkuu. Swali langu ni soko tu.

Bingwa wa Zamu
Ipo ya nani? MMed ni miaka mitatu, na mshahara wa MD tunaujua.

Tabibu wa Ziwani
Sawa. Kuna hospitali binafsi inanilipia. Nikimaliza nawatumikia miaka sita. Mkataba nimesaini mwezi uliopita. Dhamana ni hati ya nyumba ya baba.

Kabla hamjanirukia, mkataba nimeusoma wote. Mwenye hospitali ni mtu wa ibada, watu wanamjua. Serikalini ningesubiri ufadhili mpaka lini? Ruhusa ya mwajiri sijaomba kwa sababu najua watasema hatuna mtu wa kuziba pengo.

Jicho la Tatu
Kwa hiyo ulishaamua, umekuja kutafuta makofi. Ukiondoka bila ruhusa huo ni utoro kazini. Na nyumba ya mzee umeiweka rehani bila kujua kama fani ina soko?

Mama Kulwa
Baba yako anajua lakini?

Tabibu wa Ziwani
Anajua, mama. Alisaini mwenyewe.

Chumvi Kidogo
Chai hii, leteni vitafunwa. MD gani anauliza soko mtandaoni wakati mabingwa anakutana nao kazini? Kama ni daktari ajibu: mama wa upasuaji wa uzazi, umemchoma mgongoni, presha imeporomoka. Unafanya nini?

Tabibu wa Ziwani
Bingwa wa usingizi wilayani kwetu hayupo, ningekutana naye wapi? Huyo mama namwegemeza upande wa kushoto, nafungua maji yaende kasi, nampa oksijeni. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, kama ipo. Mara nyingi haipo, basi adrenalini iliyozimuliwa sana, kidogo kidogo, jicho kwenye presha.

Chumvi Kidogo
Hata mtandaoni ipo hiyo.

Bingwa wa Zamu
Hilo la efedrini kukosekana halimo vitabuni, mkuu. Huyu amesimama pale kitandani.

Sasa mdogo wangu, sikiliza. Soko lipo, na halitapungua wewe ukiwa hai. Shida ni kwamba pengine utakuwa bingwa pekee mkoa mzima. Simu ya saa nane usiku ni yako, ya sikukuu ni yako, ukiugua upasuaji unasimama. Nimeona wenzangu wazuri wakiacha fani kwa uchovu. Mkataba wako unasema mtakuwa wangapi kwenye zamu? Na ukiacha katikati, unarudisha ada tu au na faini?

Tabibu wa Ziwani
Zamu haijatajwa. Ukiacha ni ada mara mbili.

Mjukuu wa Pemba
Mara mbili! Muscat, Muscat!

Bingwa wa Zamu
Ada haijaanza kulipwa, rudi kesho kwa mwenye hospitali. Aandike mtu wa pili wa usingizi kwenye zamu, na faini ishuke. Na barua ya ruhusa peleka, hata kama watakataa.

Tabibu wa Ziwani
Mrejesho wakuu. Nimekaa naye leo. Mtu wa pili amemkubali, ila awe muuguzi wa usingizi, si daktari. Faini imeshuka mpaka ada yenyewe. Miaka sita amegoma kabisa kuipunguza. Barua ya ruhusa nimeikabidhi kwa mganga mkuu wa wilaya, amesema atanijibu.

Chumvi Kidogo
Weka picha ya mkataba, ziba majina.

Tabibu wa Ziwani
Siweki. Kuna hati ya mzee mle.