Gumzo la familia: eti waini tamu ni ya watoto?

Kitinda: Wanafamilia habari za jioni, shikamoo mjomba, shikamoo anti. Jumamosi vinywaji nimepewa mimi. Wasiokunywa wasiwe na wasi, juisi na soda zipo, ila nyie watu wa waini kila mmoja aseme anataka ipi maana safari ile mlininunia mpaka kesho yake 😂

Mjomba: Marahaba. Nyekundu, drai isiyo na sukari, Merlot ya Chile. Hizo za sukari wape watoto.

Mama Pacha: mjomba ushaanza. Mi Moscato yangu tamu tu na sitetereki

Da Mkubwa: Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand. Ukifungua tu harufu ya pasheni na majani mabichi imejaa chumba kizima, na iwe ya baridi Kitinda, sio unaniletea ya uvuguvugu

Shem: Mjomba shikamoo. Kuhusu hiyo Merlot ya Chile naomba niseme kitu usinikasirikie

Mjomba: Sema.

Shem: Miaka na miaka wachile walikuwa wanauza Merlot ambayo nusu sio Merlot. Shambani mizabibu ilikuwa imechanganyika na zabibu nyingine inaitwa Carmenere, ilitoka Bordeaux huko Ufaransa karne ya 19, kule kwao ikaja kupotea karibu yote baada ya wadudu wa mizizi kushambulia mashamba, watu wakaamini imeisha duniani, kumbe iko Chile inanywewa kwa jina la mwenzake. Mwaka 1994 ndo akaja mtaalamu mfaransa Jean-Michel Boursiquot akaangalia mizabibu akawaambia jamani hii Merlot yenu ni Carmenere

Kitinda: 😂😂😂 mjomba umeibiwa mke

Mjomba: Mimi naijua Merlot yangu.

Shem: Siku hizi zimetenganishwa mjomba, lebo ikisema Merlot ni Merlot. Ila kama ulikuwa unapenda ile ya zamani yenye kaharufu ka pilipili hoho basi inawezekana uliyoipenda ni Carmenere. Tafuta chupa moja ujaribu

Mama Pacha: haya turudi kwenye kesi yangu, nani kasema tamu ni ya watoto

Anti: Marahaba wanangu, nilikuwa barabarani. Mama Pacha usiwasikilize hao. Waini iliyowatia wazimu wafalme wa Ulaya ilikuwa tamu, ya Constantia pale Cape, Afrika Kusini, Napoleon alipofungwa kisiwani St Helena alikuwa anapelekewa hiyohiyo. Mpaka leo Klein Constantia wanatengeneza Vin de Constance kwa zabibu za Muscat. Na Moscato yako pia ni Muscat, kwa hiyo wewe na Napoleon meza moja

Mama Pacha: MJOMBA UMESIKIA

Mjomba: Napoleon alishindwa vita.

Da Mkubwa: 😂😂 mjomba jamani

Kitinda: Sasa mi shida yangu dukani nitajuaje ipi tamu ipi drai, lebo nyingi hazisemi, halafu kuna chupa za kijerumani zina maandishi kama mkataba wa nyumba

Anti: Angalia asilimia ya kilevi, iko pale chini kwa maandishi madogo. Hamira inakula sukari ya zabibu inatoa kilevi, kwa hiyo kilevi kikiwa kidogo sana maana yake sukari imebaki. Moscato d'Asti ina kama 5 na nusu hivi, tamu. Riesling, ile nyeupe ya kijerumani ya Mosel, ukikuta 8, tamu hiyo ingawa uchachu wake unaificha, ukikuta 12 na neno trocken basi ni drai. Hiyo mbinu inakufaa kwa nyeupe nyingi. Port, ile waini ya Ureno, ndo itakudanganya, ina 19 au 20 na bado tamu, kwa sababu wanaimwagia pombe kali katikati ya uchachushaji hamira inakufa sukari ikiwa bado ipo

Kitinda: Anti hii ungenipa mapema

Da Mkubwa: Na zile za mapovu uwe makini, ikiandikwa Extra Dry ni tamu kuliko Brut. Najua haieleweki. Chukua Brut

Mama Pacha: chukua extra dry 😌

Shem: Halafu mambo ya mvinyo tamu kudharauliwa, Marekani kuna kiwanda kinaitwa Sutter Home, Napa, California, mwaka 1975 pipa lao la waini ya pinki ya zabibu za Zinfandel likagoma kuchachuka, hamira ikafa njiani sukari imebaki. Wakaonja, wakaona mbona inanyweka, wakaiuza. Ndo White Zinfandel hiyo, ikauzwa kuliko zile za maana zote walizokuwa wanajivunia. Na wajuzi wenyewe wanakiri mizabibu mingi mizee ya Zinfandel ilipona kung'olewa kwa sababu ya hiyo ya pinki wanayoicheka

Mjomba: Kuuzwa sana sio kuwa nzuri.

Shem: Kweli, lakini na ukakasi sio uzuri pia mjomba. Watu wengi wanakunywa nyekundu nzito inawakausha ulimi wanakunja uso kama wamemeza dawa halafu wanasema aah nzuri

Mjomba: Ukakasi ndio mwili wa waini kijana. Hiyo ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu. Uilaze miaka inalainika. Tatizo lenu mnakunywa changa.

Da Mkubwa: hapo mjomba yuko sahihi tumpe haki yake

Anti: Mi siku hizi nimeacha kubishania majina makubwa. Kilichonibadilisha ni kutembelea viwanda vidogo vya waini vya mikoani. Nilienda Finger Lakes, jimbo la New York, baridi la kule sio mchezo, zamani walikuwa wanaamini zabibu za Ulaya haziwezi kuishi pale, wanalima za kienyeji kama Concord na mahuluti. Akaja mzee mmoja mhamiaji kutoka Ukraine, Dk. Konstantin Frank, alishazoea kulima zabibu kwenye baridi huko kwao, akasema tatizo ni mizizi, akapandikiza Riesling kwenye mizizi inayostahimili na ikashika. Kiwanda chake pembeni ya ziwa Keuka kilianza 1962 mpaka leo kipo. Na yale maziwa yana kina kirefu yanachelewa kupoa, ndo yanaikinga mizabibu ya mteremkoni. Sasa uzuri wa kiwanda kidogo ni kwamba anayekumiminia ukimuuliza swali anakujibu yeye mwenyewe, mara nyingi ndo mwenye shamba, anaanza na drai anamalizia na tamu, na zile anazotengeneza chache hazifiki dukani kabisa, unazikuta palepale. Na wala hawakulazimishi kumeza, ndoo ya kutemea ipo

Mama Pacha: kutema?? kwa nini sasa

Anti: ukionja kumi na mbili bila kutema mwanangu utatoka hapo unaimba

Kitinda: 😂 na waliokuwa wanalima Concord waliacha?

Anti: Wapi! Bado wanauza tena sana, tamu ina harufu kali ya zabibu yenyewe. Kule Missouri nako wanayo yao nyekundu inaitwa Norton, haifanani na ya Ulaya hata kidogo, na ni drai. Mjomba hiyo ungeipenda

Mjomba: Norton. Nimeiandika.

Shem: Mi yangu ni Pinotage, nyekundu ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Profesa Abraham Perold alichavusha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsault, mwaka 1925 akapata hiyo. Wengine wanasema ina harufu ya mpira ulioungua, na kusema ukweli zipo zenye hiyo, inategemea sana nani kaitengeneza. Kwa hiyo Kitinda ukiona jina la zabibu tu usiridhike, soma na nani kaitoa

Da Mkubwa: Na wafaransa ndo kabisa, zabibu hawakuandikii wanakuandikia mahali. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc yangu hiyohiyo, Chablis ni Chardonnay, we unajua umenunua kijiji

Kitinda: Haya nafunga orodha. Sauvignon Blanc Marlborough ya da mkubwa, Moscato ya mama pacha, Pinotage ya shem, Riesling ya anti, na ya mjomba Merlot. Chupa moja inatoa glasi tano za kawaida kwa hiyo tusigombane

Mjomba: Badilisha yangu. Weka hiyo Carmenere.

Shem: 👏👏👏

Mjomba: Msishangilie. Nataka kujua tu. Na nyekundu msiziache juani, ziingie friji hata robo saa kabla, waini ya moto inanuka kilevi kitupu.

Mama Pacha: na Moscato mbili kitinda, mjomba ataomba tu namjua

Mjomba: Nusu glasi. Kwa ajili ya Napoleon.